Namba Isiyokaa Popote Ziwani

Aliyepita sekondari za Tanzania anaijua kazi ya kwanza ya mhakiki: tenganisha fani na maudhui, kisha uonyeshe jinsi kimoja kinavyokibeba kingine. Kazi hiyo tumeifanya kwa tamthiliya, kwa riwaya na kwa diwani za mashairi. Mimi nataka kuifanyia aina ya maandishi ambayo hayajazoeleka kuitwa utungo: jedwali la watafiti linaloeleza viumbe wadogo wa majini wametapakaa wapi na ni wengi kiasi gani. Lina mandhari, lina wahusika, lina wakati, lina msimulizi. Na lina kasoro ya kifani ambayo msomaji asipoijua ataondoka na picha ya ziwa lisilokuwepo.

Viumbe ninaowazungumzia ni planktoni wa jamii ya wanyama, wale wanaoelea na maji kwa kuwa hawana nguvu ya kushindana na mkondo. Katika maji ya wazi ya Ziwa Tanganyika wengi wao ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, na aliye mkubwa miongoni mwao hazidi sana punje ya ulezi. Dagaa hula kopepodi, mgebuka hula dagaa, na magari ya samaki hupanda kutoka Kirando, Kipili na Kasanga hadi Sumbawanga, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya kilomita nzima juu ya uso wa ziwa. Mtu wa Ufipa anayekula ugali kwa dagaa anakula mwisho wa hadithi ambayo mwanzo wake hauonekani kwa macho. Ndiyo sababu namna hadithi hiyo inavyoandikwa haiwezi kuachiwa wataalamu peke yao.

Uandishi huu una ukoo, na ukoo wake unatokea kwenye barafu. Georg Ossian Sars, Mnorwe aliyezaliwa 1837, ndiye aliyekabidhiwa krasteshia (ukoo wa kamba, kaa na kopepodi) waliokusanywa na meli ya Fram, ile ambayo Fridtjof Nansen aliiacha makusudi inaswe na barafu ya Aktiki na kusukumwa nayo kuanzia 1893 hadi 1896. Ripoti ya Sars ilichapishwa 1900. Mwaka 1909 Sars huyohuyo akachapisha ripoti ya kopepodi wa Ziwa Tanganyika, waliokusanywa na William Cunnington katika Msafara wa Tatu wa Tanganyika wa 1904 hadi 1905. Kwa hiyo mhusika mkuu wa majedwali yetu, kopepodi anayeitwa leo Tropodiaptomus simplex, alipewa jina na jicho lilelile lililokuwa limetoka kuwachunguza jamaa zake wa bahari ya ncha ya kaskazini.

Ukizisoma ripoti za aina hiyo kwa jicho la fani, jambo la kwanza unaloliona ni kwamba hazijali wingi. Ni taswira ya mtu mmoja mmoja. Mwandishi anamlaza kopepodi ubavu, anamweleza kutoka pembe hadi mkia, anahesabu pingili za papasio, anafika kwenye mguu wa tano wa dume na hapo anapunguza mwendo, kwa sababu mguu huo ndio unaotofautisha ndugu na ndugu. Ni maelezo ya subira ya ajabu. Kiumbe asiyefika milimita mbili anapewa kurasa na michoro ambayo wafalme wengi hawajapewa. Lakini ziwa halimo. Hujui alikuwa kina gani, saa ngapi, na wenzake wangapi.

Maelezo ya namna hiyo yalitosha kwa swali la wakati ule. J. E. S. Moore alikuwa ametoa kitabu chake The Tanganyika Problem mwaka 1903, akidai kwamba Ziwa Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara. Konokono wake na kiwavuwavu wake aeleaye vilimfanya aamini hivyo. Kitabu kinajiita tatizo tangu jalada, na muundo wake ni wa kesi: kila kiumbe anaitwa kizimbani kutoa ushahidi kuhusu bahari. Katika kesi ya namna hiyo idadi haina kazi. Ukitaka kujua ukoo wa shahidi, shahidi mmoja anatosha, na ushahidi wa kopepodi ulikwenda kinyume na Moore, maana ndugu zao ni wa maji baridi.

Kuhesabu kulitoka kwingine. Mjerumani Victor Hensen, aliyelitunga jina planktoni mwaka 1887, alivuka Atlantiki mwaka 1889 akishusha na kuvuta nyavu ili ajue bahari inazaa kiasi gani, kama mkulima anavyotaka kujua shamba limetoa magunia mangapi. Hesabu yake ilisimama juu ya dhana moja: kwamba planktoni imetapakaa kwa ulinganifu wa kutosha, hivi kwamba sampuli chache zinaweza kusema kwa niaba ya maji mengi. Ernst Haeckel alimshambulia mwaka uliofuata akisema dhana hiyo haisimami. Planktoni hukaa kwa makundi, mabaka na misafara. Kuhusu viumbe wenyewe Haeckel ndiye aliyekuwa karibu zaidi na ukweli. Lakini kuhusu uandishi Hensen alishinda kabisa. Kila jedwali la planktoni linaloandikwa leo, la Antaktika au la Kigoma, ni la ukoo wake, na linabeba dhana yake hata pale mwandishi wake anapojua kuwa si kweli.

Hebu tuone dhana hiyo inavyofanya kazi ndani ya namba moja. Nitatumia mfano wa kubuni ambao msomaji anaweza kuufuata kwa kalamu. Wavu una mdomo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 50. Unashushwa hadi mita 100, kisha unavutwa wima taratibu hadi juu. Maji yaliyopita ndani yake ni mita za ujazo 19.63. Walionaswa wanasuuziwa kwenye chupa, wanatiwa formalini, na maji yanafikishwa mililita 250. Mtafiti anatikisa chupa, anachota mililita 5, anazimimina kwenye kisahani chenye mistari na kuhesabu chini ya hadubini, mstari baada ya mstari, macho yakiuma. Anapata kopepodi 300. Anazidisha kwa 50, wanakuwa 15,000. Anagawanya kwa 19.63. Kwenye jedwali anaandika 764 kwa kila mita ya ujazo.

Sasa tuseme kwamba wakati wavu unapita, tisa ya kumi ya kopepodi hao walikuwa wamesongamana katika tabaka moja lenye unene wa mita 20. Ndani ya tabaka hilo walikuwa zaidi ya 3,400 kwa kila mita ya ujazo. Katika mita 80 zilizobaki hawakufika hata 100. Je, wale 764 walikuwa wapi? Hawakuwa popote. Kutoka usoni hadi mita 100 hakuna mahali hata pamoja ambapo namba hiyo ilikuwa kweli. Dagaa aliyekuwa juu hakukutana nayo, aliyekuwa chini hakukutana nayo. Imezaliwa na kamba ya wavu, na inaishi kwenye karatasi tu.

Hapa ndipo ninapomlaumu mwandishi wa jedwali, si kwa kuhesabu vibaya bali kwa kuchagua kipimo kinachodai kisichokijua. Mita ya ujazo ni mahali. Ina urefu, upana na kina, na ukiitaja unamwambia msomaji kwamba ungeweza kumwonyesha. Namba hiyohiyo ingeandikwa kwa mita ya mraba ingesema jambo la kweli: chini ya kila mita moja ya uso wa maji, hadi kina cha mita 100, kuna kopepodi wapatao 76,400. Sentensi hiyo haidai kujua wamekaa ngazi gani. Inakiri kwamba nyumba imehesabiwa watu lakini haijulikani nani yuko chumba kipi. Watafiti wazuri hutumia vipimo vyote viwili na hueleza ni kwa nini. Wengine hunakili kile walichokikuta kwenye ripoti iliyotangulia, na msomaji anayelinganisha ripoti mbili analinganisha mahali na ukubwa wa nyumba bila kujua.

Nansen, yule wa meli ya Fram, alilijibu tatizo hili kwa njia ya kifundi. Alitengeneza wavu unaofungwa. Unaushusha hadi mita 200, unauvuta hadi 100, kisha unaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye waya. Kinafika, kinagonga kufuli, shingo ya wavu inanyongwa, na tangu hapo hadi juu hakuingii kitu. Unarudia kuanzia 100 hadi 50, 50 hadi 25, na kuendelea. Maelezo yake ya nyavu hizo aliyachapisha 1915. Mimi nauona huu kama ugunduzi wa beti. Bila wavu wa namna hiyo safari ya wavu ni sentensi moja ndefu isiyo na kituo. Ukiwa nao, maji hupata mishororo, na jedwali huweza kusema juu, kati na chini. Gharama yake ni muda: sampuli moja inakuwa tano, na saa za hadubini zinakuwa mara tano. Ndiyo maana utawakuta waandishi wengi wamerudi kwenye sentensi moja.

Ziwa Tanganyika linalifanya suala la kina kuwa zito zaidi. Lina mita 1,470 mahali penye kina kikubwa kuliko pote, lakini sehemu kubwa ya maji hayo haina oksijeni, na kopepodi hawezi kukaa humo. Upande wa kaskazini, kuelekea Bujumbura, oksijeni huishia karibu mita 100. Upande wa kusini, kwenye maji ya Kasanga na Mpulungu, huendelea hadi mita 200 na zaidi. Basi mtafiti anapoandika kichwa cha jedwali lake, mita 0 hadi 100, kisha akaweka Bujumbura na Mpulungu kwenye mistari miwili inayofuatana, jedwali linaonekana la haki: wavu uleule, kina kilekile. Kumbe Bujumbura amepima karibu nyumba yote, Mpulungu amepima nusu ya juu. Ikiwa wapo wa kusini walioteremka mchana chini ya mita 100, hawamo kwenye hesabu, na jedwali halina hata nukta ya kuonyesha kwamba wameachwa. Ulinganifu wa mistari umetengeneza tofauti, au umeificha. Hili linatuhusu moja kwa moja sisi wa Ufipa, kwa kuwa pwani yetu iko upande huo wa kusini wenye nyumba ndefu.

Tuingie kwenye wakati. Kopepodi wengi hupanda usiku kula mwani karibu na uso, na kulipopambazuka hushuka gizani ambako samaki hawatawaona. Safari hiyo hufanywa kila siku, ziwani na baharini, na kwa mnyama wa milimita moja mita 50 ni umbali wa kutisha. Maana yake kwa fani ya jedwali ni kwamba wakati si mandhari ya nyuma, ni sehemu ya mhusika. Kopepodi wa saa nane mchana na kopepodi wa saa nane usiku ni wasifu mbili tofauti. Lakini angalia saa inavyosafiri ndani ya maandishi. Kwenye karatasi ya boti, iliyolowa maji, saa imeandikwa kwa penseli mwanzoni kabisa mwa mstari. Kwenye daftari la maabara bado ipo. Kwenye jedwali la ripoti imeondoka, pengine imebaki sentensi moja katika sehemu ya mbinu kwamba sampuli zilichukuliwa asubuhi. Na kwenye ramani, ambayo ndiyo watu wengi wataiona, kuna miduara tu, mikubwa na midogo, imetulia juu ya maji kama vile imepigiliwa misumari. Kila hatua ya uandishi imemvua mhusika sehemu ya tabia yake.

Mvuvi wa dagaa wa Kirando hasomi kwa namna hiyo. Anatoka jua linapozama, anawasha taa, na anajua kwamba mwanga unakusanya wadudu wa maji na dagaa wanawafuata. Mbalamwezi ikiwa kubwa anapumzika, nyavu zinaanikwa, kwa sababu taa ya mtu haishindani na ya mbinguni. Kalenda yake yote ya kazi ni maelezo ya mtawanyiko wa planktoni kwa kina na kwa saa, ingawa hajaiandika hivyo. Mwaka 2016 Kim Last na wenzake walionyesha jambo lililo ndugu wa hilo huko Aktiki: katika usiku wa ncha ya dunia, jua lisipochomoza kwa wiki na miezi, planktoni huacha mwendo wa jua na kufuata wa mwezi, mzunguko wa saa 24.8, na mwezi ukiwa mpevu huteremka hadi kama mita 50. Utafiti wao haukutumia wavu. Walisikiliza mwangwi, kwa vyombo vilivyofungwa majini vikapiga sauti na kupokea jibu mchana na usiku.

Picha ya mwangwi ni utungo wa aina nyingine kabisa. Wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, kina kinashuka kutoka juu kwenda chini, na wingi unaonekana kwa rangi. Unaweza kuiona planktoni ikipanda magharibi kama moshi na kushuka alfajiri. Fani hii inatunza yale yote ambayo jedwali la wavu huyatupa. Lakini nayo ina hasara yake, kwamba mwangwi haujui majina. Kopepodi, kamba wadogo, viwavuwavu na vifaranga vya samaki wote ni vivuli vya rangi moja. Meli ya utafiti ya Tanganyika Explorer ilipima samaki wa ziwa zima kwa mwangwi katika miaka ya 1990, na hata hapo ilibidi nyavu zishushwe ili vivuli vipewe majina. Kama ningelazimishwa kuchagua fani moja kwa ajili ya ziwa hili, ningechagua mwangwi, halafu ningejuta kila nilipotaka kujua ni nani.

Kuna alama moja ndani ya majedwali haya inayostahili kukaliwa muda mrefu kuliko zote, nayo ni sifuri. Viroboto-maji, wale krasteshia wanaoitwa kladosera, wamo katika Ziwa Viktoria na katika Ziwa Nyasa. Katika maji ya wazi ya Ziwa Tanganyika hawamo. Safu yao ni sifuri, sifuri, sifuri, kituo hadi kituo, na watu walioanza kulichunguza ziwa karne iliyopita waliliona pengo hilo mapema. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba dagaa wamewamaliza: kiroboto-maji huogelea kwa kurukaruka, anaonekana na hana mbio za kopepodi. Hii ni sifuri yenye maudhui. Inasema juu ya nguvu ya mlaji kwa kutaja kutokuwepo kwa mliwaji, na mshairi yeyote angejivunia ukimya wa namna hiyo.

Tatizo ni kwamba ukurasa uleule unaweza kuwa na sifuri nyingine zinazofanana nayo kwa sura na kutofautiana nayo kwa kila kitu. Wavu wenye matundu ya maikroni 100 huwaachia wengi wa watoto wa kopepodi wapite. Safu yao ikiwa na namba ndogo, au haina kitu, iliyosema hapo ni nguo ya wavu, si maji. Sifuri ya pili ni ya aliyeshuka. Katika bahari za ncha, kopepodi wa jenasi ya Calanus hujaza mwili mafuta wakati wa kiangazi kifupi kisha huteremka mamia ya mita na kupitisha baridi huko katika hali ya usingizi. Vuta wavu karibu na uso wakati huo, na utaandika bahari tupu juu ya umati uliolala. Ya tatu ni ya aliyekwepa, maana krili wa Antaktika, krasteshia mfano wa kamba, anaona na anaogelea, na mchana huukimbia wavu. Kuna mtu hayupo, kuna aliyepita tunduni, kuna aliyelala chini, kuna aliyekimbia, na wote wanne wanaandikwa kwa duara lilelile moja. Lugha ya kawaida isingevumilia umaskini huo. Tungetumia vitenzi vinne. Jedwali zuri lingewapa alama nne, au kistari pale wavu usipoweza kujua, na sifuri ibaki kwa yule ambaye ametafutwa ipasavyo na hakuonekana.

Nani anasimulia? Katika ripoti hizi msimulizi amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa: wavu ulishushwa, sampuli zilihifadhiwa, kopepodi walihesabiwa. Sina ugomvi mkubwa na hilo. Ni mila ya sayansi na ina adabu yake. Lakini kuna mahali msimulizi anajitokeza kwa namna isiyotarajiwa, na mfano bora ninaoujua ni mkusanyo unaoitwa KRILLBASE, uliounganisha maelfu ya sampuli za nyavu za Antaktika kuanzia 1926. Nyavu zilikuwa tofauti, vina tofauti, mchana na usiku, miezi mbalimbali. Angus Atkinson na wenzake waliotayarisha mkusanyo huo waliweka safu mbili: namba kama ilivyopatikana, na namba iliyosahihishwa kana kwamba kila wavu ulikuwa wa aina moja, wenye mdomo wa mita za mraba 8, uliovutwa kutoka mita 200 usiku wa Januari 1. Usiku huo mmoja haukuwahi kuwepo kwa sampuli nyingi kati ya hizo. Ni kubuni, lakini kubuni kulikotangazwa, kukiwa na kanuni yake mezani, na uhalisia umewekwa pembeni ili msomaji alinganishe. Nauona kuwa uandishi mwaminifu kuliko ule wa jedwali linalojidai halikubuni chochote huku limeshazidisha kwa 50 na kugawanya kwa 19.63.

Kwa Ziwa Tanganyika kazi kubwa zaidi ya aina hii ilifanywa chini ya mradi wa utafiti wa uvuvi ulioendeshwa na FAO kwa msaada wa Finland, ulioanza 1992, ukiwa na vituo vitatu vikuu: Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Mwaka 1999 jarida la Hydrobiologia lilitoa juzuu la 407 lenye matokeo mengi ya mradi huo, na ndani yake kuna makala mbili za kopepodi zinazofuatana ukurasa kwa ukurasa. Ya kwanza, ya Heini Kurki, Ilppo Vuorinen na wenzao, inahusu mabadiliko ya kopepodi kwa mahali na kwa majira. Ya pili, ya Vuorinen, Kurki na wenzao, inahusu kina na safari ya kupanda na kushuka. Mpangilio huo unasema mengi. Watafiti walijua kwamba mhusika wao ana mihimili yote minne: mahali, majira, kina na saa. Karatasi ina pande mbili tu. Wakagawa hadithi katika makala mbili, na mhariri akaziweka jirani. Anayesoma ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo yenye vituo na miezi ambayo mpangaji wa uvuvi anaitafuta, amesoma nusu ya utungo. Kila mwalimu anayewapa wanafunzi makala hizi awape zote mbili kwa pamoja, tena kuanzia ya pili.

Ukisimama kwenye milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, unakuwa kati ya mabonde mawili, la Tanganyika na la Rukwa, na lile la mashariki linaipinga hoja yangu, hivyo ni haki kulitaja. Ziwa Rukwa ni la mita chache tu, maji yake ni ya magadi na machafu kwa tope, upepo unalikoroga hadi chini. Huko kina si tatizo kubwa. 764 kwa mita ya ujazo inaweza kweli kuwa 764. Kinachoyumba ni kitu kingine. Rukwa haina mto wa kutokea, inapanuka na kunywea kwa mvua, na imewahi kunywea hadi sehemu ya kaskazini ikabaki uwanda. Ukisema msongamano umeongezeka maradufu, huenda kopepodi hawajaongezeka hata mmoja, maji ndiyo yaliyopungua. Kila jedwali la Rukwa linahitaji usawa wa ziwa wa siku hiyo uandikwe kando ya namba, na bila huo halisomeki.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Miezi hiyo ndiyo ya upepo wa kusini-mashariki, unaosukuma maji ya joto kuelekea kaskazini na kuyaacha maji ya chini yenye rutuba yapande upande wetu wa kusini, mwani ukasitawi na kopepodi wakapata chakula. Mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja: watu waliacha kuvua, na ziwa lilijikoroga. Na lipo la tatu linaloendelea polepole, maana tangu 2003 makala zilizotoka katika Nature na Science zimeonyesha kwamba ziwa linapata joto na kujikoroga kwake kunapungua. Yeyote atakayeulizwa baada ya miaka mitano kama kufunga ziwa kumesaidia atafungua majedwali. Yakiwa na wastani wa mwaka na mita 0 hadi 100, hayatamjibu, hata yakiwa yameandaliwa kwa mikono isiyokosea hesabu.

Jedwali ninalolitamani kwa Kirando, Kipili na Kasanga si la gharama ya kutisha. Liandike idadi kwa mita ya mraba kwanza, kisha kwa matabaka matatu au manne ya wavu unaofungwa. Lionyeshe oksijeni iliishia wapi siku hiyo. Saa ya kushusha wavu ikae kwenye mstari uleule na namba, isipelekwe sehemu ya mbinu. Sifuri itenganishwe na kistari. Upana wa tundu la wavu urudiwe juu ya kila ukurasa, hata kama unachosha. Na iongezwe safu ya umri wa mwezi, siku ya kwanza hadi ya 29 au 30, ambayo mtu yeyote wa pwani anaweza kuijaza bila chombo chochote.